Mfuniko wa Sufuria Kando ya Pisini

Kosa langu la kwanza kama kocha lilikuwa kuwafundisha watoto wangu wasinisikie.

Sikulipanga hivyo. Nilitaka tu waogelee vizuri, na kuogelea vizuri, kwa akili yangu ya wakati ule, kulikuwa jambo moja: kichwa kikae ndani ya maji. Macho yatazame chini, shingo ilegee, pumzi ichukuliwe kwa upande bila kuinua paji la uso. Mtoto akiinua kichwa, kiuno kinazama. Kiuno kikizama, miguu inafuata, na mwogeleaji anageuka mtu anayepanda ngazi ndani ya maji. Nilikuwa nayajua hayo kama wengine wanavyojua sala ya asubuhi, na nilikuwa nimejifundisha mwenyewe, kwenye simu.

Mimi ni mtunza bwawa la kuogelea katika hoteli moja hapa Bunia. Sisi tunaliita pisini. Nilipoajiriwa sikujua kuogelea hata kidogo. Nilikuwa natoa majani kwa wavu wenye mpini mrefu, nasugua kuta kwa brashi, namimina dawa, na kila nilipoinama upande wa kina nilishika ngazi ya chuma kwa nguvu zote, maana nilijua nikiteleza hakuna atakayeshtuka kabla ya saa ya chai. Aibu ya kuogopa maji niliyokuwa nayaosha kila siku ndiyo iliyonifanya nianze kutafuta video. Nilizitazama hadi nikazijua kwa moyo. Nilijaribu mikono kwanza nyumbani, nikiwa nimelala kifudifudi juu ya benchi, nikipiga makasia hewani, na mke wangu akipita na beseni lake la samaki ananiuliza:

"Papa, umefika wapi? Umeshavuka?"

Mke wangu amezaliwa kando ya Ziwa Albert, kijiji kimoja karibu na Kasenyi, na anauza samaki sokoni. Anaogelea tangu kabla ya kukumbuka. Lakini anaogelea kama watu wa ziwani wote: kichwa juu, shingo imenyooka, macho yanazunguka, kama mtu anayetafuta ndala yake iliyochukuliwa na mawimbi. Nilikuwa namwonea huruma. Nilimwambia siku moja kwamba anatumia nguvu nyingi bure. Akanijibu kwamba hajawahi kulipia hizo nguvu.

Nilipokwisha kujua kuogelea, nikaanza kuwafundisha watoto wa wageni, kisha wa watu wa mjini, na watu wakaanza kuniita kocha. Neno hilo lilinifurahisha na kuninyima usingizi. Sikuwa na diploma. Sikuwahi kufundishwa na mtu yeyote aliye hai mbele yangu. Nilikuwa nikiwaza kwamba siku moja atakuja mgeni anayejua kweli, ataketi pale kwenye kiti cha plastiki na kahawa yake, atanitazama kidogo, kisha atatabasamu. Tabasamu hilo nililiogopa kuliko kitu chochote. Nikaamua kwamba watoto wangu wawili, msichana wa miaka kumi na mvulana wa minane, wataogelea bila kosa hata moja. Wao ndio wangekuwa diploma yangu.

Bosi wangu aliniruhusu kuwaleta asubuhi, kabla wageni hawajaamka. Asubuhi ya Bunia ni ya baridi, na maji ya pisini hayana huruma. Walikuwa wanaingia wakitetemeka midomo, wakitoka nawafunga kitenge na kuwapa chai yenye maziwa kutoka kwenye chupa ya moto. Sikuwahi kuwapiga, wala kuwatukana. Naliandika hili kwa sababu nilijisifia nalo kwa muda mrefu, nikidhani kwamba kocha asiyepiga hawezi kumdhuru mtoto.

Sakafu ya pisini yetu ni ya bluu tupu, haina mstari. Katika video zote kuna mstari mweusi chini, na mwogeleaji anaufuata. Nikatafuta mpira wa ndani wa gurudumu la lori, nikaukata vipande virefu, nikaviunga, nikashona vifuko vya kokoto ili uzame, nikautandaza chini kutoka ukuta hadi ukuta. Nilizamia mara nyingi kuunyoosha. Ukipinda hata upana wa kidole sikuweza kuvumilia. Amri zikawa tatu: tazama mstari, usiinue kichwa, usisimame mpaka uguse ukuta.

Msichana alizishika mara moja. Mvulana, hapana. Yeye alikuwa anainua kichwa kwa kila kitu: ndege, sauti ya jenereta, mpishi anayepita na sinia. Ndipo nikabuni kile nilichokiita jaribu.

Nilimwomba mpishi wa hoteli mfuniko wa sufuria kubwa. Watoto wakiwa katikati ya maji, nilikuwa naugonga kwa kijiko kando ya pisini, nikiwaita kwa majina yao, nikipiga kelele za uongo. Aliyeinua kichwa alirudi mwanzo.

"Njoo mbio! Mama amefika na mandazi!"

Kichwa cha mvulana kilikuwa kinatoka majini kama chura.

"Iko wapi? Mandazi iko wapi, Papa?"

"Rudi mwanzo."

"Aaa, Papa! Uongo tena!"

Dada yake alikuwa anapita pembeni yake kama hakuna kitu kilichotokea, uso chini, mikono ikiingia majini bila kurusha tone. Akigusa ukuta ndipo anainuka, anatoa miwani, ananitazama na kuuliza swali lile lile kila siku: "Papa, nimepita?"

"Umepita."

Uso wake ulivyong'aa kwa neno hilo, nikawa nalitafutia nafasi. Nikaongeza majaribu. Niliita moto, niliita nyoka, niliita kwamba nimeanguka. Mara moja nililia kabisa kama mtu aliyevunjika mguu, mpaka mpishi akatoka jikoni mbio. Binti yangu hakuinua kichwa. Mpishi alinitazama, akatazama maji, akarudi jikoni, na mimi nikafurahi siku nzima.

Ndugu ya mke wangu ni mvuvi, ndiye aliyetuletea habari ya mashindano. Vijana wa kijiji chao walikuwa wameandaa siku ya michezo: mpira, kuvuta kamba, na mashindano ya kuogelea kwa watoto. Nikasema tutakwenda. Siku zilizobaki sikula vizuri. Nilibadilisha kamba za miwani yao, nikazirudisha zile za zamani, nikazibadilisha tena. Mke wangu aliniuliza swali moja tu.

"Ile pisini yako iko na ukuta. Ziwa iko na ukuta?"

Nikamwambia maji ni maji.

Barabara ilikuwa tulivu wiki ile. Tulipanda gari la wauza samaki linalorudi tupu, tukapita Bogoro, kisha mteremko ule mrefu ambapo masikio yanaziba na joto linaanza kupanda kutoka chini. Ziwa lilipoonekana, mvulana alipiga kelele. Msichana aliliangalia kwa muda, akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Papa, mustari utaweka wapi?"

Nilicheka. Nilidhani anatania. Nikamwambia anyooke tu, mstari uko kichwani mwake tayari.

Mashindano yalipangwa hivi: mitumbwi miwili ilitiwa nanga sambamba na ufuo, mmoja mbali kidogo na mwenzake. Watoto wanaanzia kwenye wa kwanza, wanamalizia kwenye wa pili, wenye kitambaa chekundu. Mtumbwi wa tatu, wenye injini, ulikuwa wa shemeji yangu, kwa ajili ya usalama. Ufuo ulikuwa umejaa. Kina mama walikuwa wanapika kwa ajili ya watu wote, sufuria zimepangwa kwenye mawe. Nilipowavalisha watoto wangu miwani na kofia za mpira, watoto wa pale walikusanyika kututazama.

"Angalia, batoto ya Bunia bamevaa kichwa ya mamba!"

"Weye, kofia hiyo unaogea nayo ama unapikia?"

Mvulana wangu alicheka nao. Msichana alisimama wima kama nilivyomfundisha, akisubiri.

Alianza vizuri kuliko wote. Nasema hivyo hata leo. Watoto wa ziwani waliruka kwa kishindo, vichwa juu, wakisukumana, wakitukanana kwa furaha. Yeye aliingia kimya na kuwaacha. Watu waliokuwa wakicheka wakanyamaza. Jirani yangu mmoja ufuoni aliniuliza, "Ni wa kwako?" Nikasema ndiyo.

Kisha nikaona anaenda upande.

Ilikuwa polepole, kama mlango unaofunguka wenyewe. Chini yake hapakuwa na mstari, palikuwa na maji ya kijani tu. Nilikuwa nimemzoeza kuvuta pumzi upande wa kulia, na kulia kwake hapakuwa na ufuo, palikuwa na ziwa lote na milima ya Uganda nyuma yake. Kitambaa chekundu kilibaki kushoto. Yeye aliendelea mbele, mikono sawa, kiuno juu, hakuna tone linaloruka. Katika maisha yangu sijaona mtoto akiogelea vizuri namna ile kuelekea mahali pasipo kitu.

Watu walianza kucheka.

"Huyu anaenda Uganda!"

"Bila jetoni, karatasi ya kuvuka! Polisi ya mupaka itamukamata!"

"Shemeki, mutoto yako amekutoroka!"

Niliita jina lake. Niliita tena. Kicheko kikaanza kupungua, na kina mama wakaanza kuita nami, mmoja akagonga sufuria kwa mwiko, mwingine naye, ufuo wote ukawa unagonga na kuita. Mimi mwenyewe nilinyakua mfuniko kwa mwanamke mmoja na kuugonga kwa jiwe, nikimwita, nikimwambia arudi, nikipiga kelele kwamba ni hatari. Na kila nilipogonga, mwendo wake ulizidi kuwa safi. Alikuwa anashusha kichwa zaidi. Alikuwa ananyoosha vidole.

Hapo nikaelewa. Niliuacha mfuniko ukaanguka mchangani na nikaingia majini na nguo zangu.

Niliogelea kichwa juu, shingo imenyooka, kama mke wangu, kwa sababu nilitaka kumwona. Injini ya shemeji ikanipita. Nikaona mtumbwi ukimzunguka kwa mbele, polepole, na mkono wa binti yangu ukagusa ubao wake. Aligusa ukuta. Ndipo aliposimama.

Waliponifikia nikashika ukingo wa mtumbwi, nikakohoa maji. Alikuwa amekaa ndani, koti la shemeji begani, anatetemeka kidogo, amepandisha miwani kwenye paji la uso. Alinitazama kwa uso ule ule wa kila asubuhi.

"Papa, nimepita?"

Shemeji ndiye aliyecheka na kusema kwamba amepita kweli, amepita mutumbwi, amepita nyavu, amebakiza kupita nchi.

Ufuoni mama yake alimfunga kitenge. Ni mdogo wake aliyemweleza. Yeye alikuwa amemaliza karibu na mkia, maana aliposikia kelele alisimama katikati ya maji kutazama kuna nini.

"Haikuwa jaribu, yaya," alimwambia dada yake. "Papa alikuwa nalia kweli."

Msichana alinigeukia. Nilitazama miguu yangu.

Wakati wa kurudi, gari lilikuwa limejaa samaki na sisi tulikaa juu ya mizigo. Tulikuwa tunaupanda mteremko, ziwa likiwa nyuma yetu, aliponiambia bila hasira:

"Nilikusikia. Nilisikia jina yangu. Nikasema, ah, leo Papa ameleta batu mingi."

"Nisamehe," nikasema.

"Sasa siku ingine nitajua namna gani kama unaniita kweli?"

Hili ndilo swali ambalo sikuwa nimeliona kwenye video yoyote. Nikamwambia nitanunua filimbi; nikipiga filimbi ni kweli. Alifikiri.

"Na filimbi utafanya nayo jaribu."

"Sitafanya."

"Hata ile ya mandazi ulisema ni ya mwisho."

Ilikuwa kweli. Nilisema hivyo, na kesho yake nikaita nyoka.

Hakukataa kuogelea. Ningependa kusema alikataa, ingekuwa rahisi kueleza. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni na mfuko wake kabla yangu. Kilichobadilika kilikuwa kidogo, na mtu mwingine asingekiona. Nikimwita uani, aje kula, aje kushika taa, alikuwa anamtazama mama yake kwanza. Mama akiitikia kwa kichwa, ndipo anakuja. Kila mara. Nilikuwa nasimama pale na sahani mkononi, nikisubiri binti yangu athibitishiwe na mtu mwingine kwamba baba yake anasema kweli.

Nilimlalamikia mke wangu. Alikuwa anapara samaki.

"Weye ulimufundisha kukosa kukusikia," alisema. "Akajua. Ni mutoto wa akili. Sasa unashangaa nini?"

"Nifanye nini?"

"Miye si kocha."

Akaendelea kupara. Baada ya muda akaongeza, kama anayezungumza na kisu, kwamba kwao ziwani mtoto akilia kwa uongo kuwa anazama, anachapwa na yeyote aliye karibu, hata mgeni, kwa sababu siku nyingine watu watachelewa. "Lakini mukubwa akidanganya," akasema, "hakuna mutu wa kumuchapa."

Nilirudisha mfuniko jikoni. Mpishi aliupokea, akaugeuza, akaona jinsi nilivyoubonyeza pembeni, akauliza kama shule imefungwa. Nikasema ndiyo, imefungwa. Nikazamia nikautoa ule mstari wa mpira. Uliponing'inia juani, ukichuruzika, ulikuwa umepinda vibaya, nami sikuunyoosha. Mahali pake niliweka ndoo nyekundu juu ya ukuta wa mwisho, na amri mpya: kila baada ya kupumua mara chache, inua macho, tafuta ndoo. Niliihamisha kila siku, mara kona hii, mara ile. Mvulana alifurahi kupita kiasi. Hatimaye kipaji chake kilikuwa kimepata heshima. Msichana alipata shida. Kiuno chake kilizama, miguu ikafuata, akawa anameza maji na kukasirika. Mimi pembeni nilikuwa nafunga mikono nyuma ya mgongo nisimsahihishe. Nilitaka sana kumsahihisha.

Lakini kwa lile swali lake sikuwa na zoezi. Nilichoweza kufanya kilikuwa kutomwita bure, na hilo halionekani. Hakuna mtu anayekusifu kwa mara ambazo hukupiga kelele. Nikawa makini mpaka ikawa kichekesho. Nikimhitaji nilitembea mpaka alipo. Nikitaka kumtania, nilitania nikiwa mbele ya macho yake. Mke wangu alisema nyumba imekuwa na amani kama ya wamisionari.

Miezi ikapita. Asubuhi moja mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa milima, nyeusi, bado mbali. Mvulana alikuwa ameshatoka, anakunywa chai. Msichana alikuwa katikati ya pisini, anakwenda vizuri, ameipata ndoo na kushusha uso tena. Radi ikapiga, si mbali kama nilivyodhani. Maji na radi havikai pamoja. Alipaswa kutoka mara moja. Nilisimama kando, mikono mitupu. Niliogopa, nami nilijua kwamba sikuogopa radi peke yake.

Niliita jina lake mara moja, kwa sauti ya kawaida.

Mkono wake uliokuwa hewani ulishuka bila mpango. Alisimama pale pale, katikati, mbali na ukuta wowote, akakanyaga maji kwa miguu, kichwa juu, shingo imenyooka. Hakumtazama mdogo wake. Alinitazama mimi.

"Papa?"

"Toka. Radi."

Akaja, kichwa juu njia yote, kama mtoto wa Kasenyi. Nikamvuta kwa mkono, nikamfunga kitenge, tukakimbilia barazani kwa mpishi, na mvua ikatukuta tukiwa tunagawana chai iliyobaki. Hakuuliza kama amepita.

Mwaka uliofuata tulirudi ziwani. Alifika kwenye kitambaa chekundu akiwa wa nne, nyuma ya watoto watatu wa pale, na wakamzomea kwa upendo kwamba mwaka huu amesahau pasipoti ndiyo maana hakufika mbali. Mgeni yule anayejua kweli bado hajaja kuketi kwenye kiti cha plastiki. Akija, ataona binti yangu anainua kichwa zaidi kuliko inavyotakiwa, na atakuwa na haki ya kutabasamu.

Siwafanyii tena majaribu. Nikiwaita, ninawahitaji, nao wanakuja.